Mghafu wa Oman na mathenge wa Baringo: je, ni mti mmoja?

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Marigat, Baringo. Sasa nafanya kazi ya nyumbani Bidiya, Oman, pembeni kabisa mwa jangwa la mchanga. Nyuma ya nyumba kuna mti mkubwa ambao naapa ni mathenge, ule ule uliotumalizia malisho. Una matawi yanayoning'inia, shina la kijivu lililopasukapasuka, na umepita paa. Lakini hapa hakuna anayethubutu kuukata. Bibi mzee wa nyumba hii, ambaye alizaliwa Unguja na tunaongea naye Kiswahili, anasema zamani walikula majani yake, mbuzi walilelewa nao, na maji ya majani yalitiwa machoni kama dawa. Mbona sisi tuliletewa balaa na wao wakapata neema? Na nikirudi nyumbani mwezi ujao, naweza kubeba mbegu nikampandie baba?

JIBU: Dada, nianze na swali la mwisho kwa kuwa safari yako iko karibu: usibebe mbegu hata moja. Sababu nitazieleza, ila nisije nikazunguka sana ukapanda ndege na kifuko cha mbegu kwenye begi. Kenya inataka uwe na kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, kabla ya kuingiza mbegu, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Na hata kama karatasi zote ungekuwa nazo, bado ningekusihi mbegu hizo uziache huko huko.

Sasa tuje kwa mti wenyewe. Kwa jinsi ulivyoueleza, nauona ni mghafu, ule ambao Waarabu wanauita ghaf na wataalamu wa mimea Prosopis cineraria. Mathenge wetu kwa miaka mingi umeandikwa Prosopis juliflora, na hapo ndipo wengi, hata wasomi, wanapochanganyikiwa. Mwaka 2022 wataalamu walipoupanga upya ukoo huu, mathenge na jamaa zake wa Amerika walihamishiwa jenasi nyingine, yaani kundi jingine la mimea ya karibu, iitwayo Neltuma. Mghafu ulibaki palepale na nduguze wachache wa Asia. Vitabu na mabango mengi bado yana jina la zamani, kwa hiyo usishangae ukilikuta.

Lakini usiniamini tu mimi niliye mbali, kwa sababu Oman kuna miti yote miwili. Mathenge ulipandwa huko pia kwa ajili ya kivuli na kupamba barabara, kisha ukajiendea wenyewe mabondeni. Kule Dhofar, kusini mwa Oman, serikali imekuwa na kampeni za kuung'oa, kama sisi tu. Kwa hiyo toka nje, vunja kijiti cha mti huo urefu wa kalamu, ukiangalie vizuri. Kama miiba imekaa miwili miwili pale pale jani linapotokea, mirefu na imenyooka, hiyo ndiyo uliyokanyaga ukiwa mtoto, ni mathenge. Kama ni vijiiba vifupi, vipana chini vinaposhikana na kijiti, vimetawanyika ovyo katikati ya fundo na fundo, ni mghafu. Pitisha kidole polepole na utausikia utofauti hata ukiwa umefumba macho.

Tunda nalo halidanganyi. La mathenge unalijua: bapa, nene, la manjano likiiva, tamu hadi watoto wanalitafuna. La mghafu ni jembamba na la mviringo, linaning'inia kama kamba ya kiatu, na likikauka linakuwa kahawia. Kama mbuzi wa jirani wamekwisha kuyaokota yote, rudi kwenye miiba.

Turudi jangwani. Huko kwenye mchanga wa Sharqiya, ambao ramani nyingi bado zinauita Wahiba, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100, na kuna miaka inapita bila tone. Marigat, pamoja na ukame wake wote, hupata milimita 600 hivi. Mghafu hauishi kwa mvua hiyo. Unaishi kwa maji ya chini. Mzizi wake mkuu unaweza kushuka mita 30 na zaidi, na ndiyo maana miti hii haiko kila mahali jangwani: imejipanga pale ambapo maji ya ardhini yanafikika. Ukingo wa mashariki wa mchanga huo una msitu mzima wa mighafu, jambo ambalo mtu asiyeliona hawezi kulisadiki.

Mche wake huanza kwa ukaidi. Juu ya ardhi unaona kijiti cha kimo cha kiganja, miezi inapita haukui, unadhani umekufa. Kumbe chini mzizi umeshatangulia mbali. Ukishafika kwenye maji ndipo unapoanza kupanda. Majani yake ni madogo madogo ili yasipoteze maji, na ajabu yake ni kwamba machipukizi mapya huja wakati wa joto kali, kabla ya mvua, wakati mimea mingine imekunja virago. Mchanga ukiufunika hadi kifuani, huendelea kuchipua juu ya kilima hicho. Tena mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, kwa hiyo udongo ulio chini yake una rutuba kuliko ulio pembeni.

Sasa ukielewa kwamba huu ni mmoja wa miti michache yenye majani mabichi mwezi wa Juni katika nchi ya namna hiyo, maneno ya bibi hayatakushangaza. Mpe shikamoo yangu, na umsikilize kwa makini, kwani watu waliouishi mti huu wamebaki wachache.

Kwa Mabedui wa huko mghafu ulikuwa nyumba kwanza, kabla ya kuwa chakula. Familia ilikaa chini yake, vyombo na viriba vya maji vikatundikwa matawini mbali na mbuzi na mchwa, na kibanda cha makuti kikajengwa kikiegemea shina. Kuni waliokota zile zilizokauka na kuanguka. Kukata mti mbichi lilikuwa jambo la aibu. Matawi ya pembeni yaliweza kupunguzwa kuwapa mbuzi, lakini mti ukaachwa usimame. Tembelea mighafu ya nje ya mji utaona jambo moja zuri: upande wa chini wa majani umenyooka sawasawa kama umekatwa kwa rula. Hakuna mtunza bustani aliyefanya hivyo. Ni ngamia, na kimo hicho ndicho shingo zao zinapoishia.

Majani na matunda makavu yana protini zaidi ya asilimia 10, ingawa majani yana tanini inayopunguza kiasi ambacho tumbo la mnyama linaweza kukitumia. Mfugaji mzoefu alilijua hilo bila maabara, akachanganya na malisho mengine. Watu nao walikula machipukizi mabichi. Mbao zake ni ngumu, zikawa nguzo, mipini na makaa. Nyuki huyapenda maua yake, yale mashada membamba ya manjano. Imarati, yaani Falme za Kiarabu, wameuthamini kiasi cha kuutangaza kuwa mti wa taifa mwaka 2008, na mwaka 2019, walipouita Mwaka wa Uvumilivu, nembo yake ilikuwa mghafu.

Hata hivyo, kama ungeniuliza ni nani waliobobea zaidi katika maarifa ya mti huu, nisingekutajia Waarabu. Ningekupeleka ng'ambo ya Bahari ya Arabuni, Rajasthan, kaskazini magharibi mwa India, ambako mti huu huu unaitwa khejri na tangu 1983 ndio mti rasmi wa jimbo hilo. Mkulima wa jangwa la Thar haung'oi anapolima. Hupitisha jembe kando yake, akapanda mawele hadi karibu na shina, na mawele ya chini ya khejri hustawi. Wakati wa baridi hukata matawi madogo kwa ajili ya ng'ombe, mbuzi na ngamia. Mti unabaki kama kichwa kilichonyolewa, na ukifika msimu wa joto umeshavaa tena.

Kisha kuna jikoni. Matunda machanga, yakiwa bado ya kijani na mbegu hazijakomaa, huchumwa, huchemshwa na kuanikwa juani hadi yawe meusi na magumu kama vijiti. Huitwa sangri, na yakihifadhiwa vizuri hukaa mwaka mzima. Siku ya kupika huloweshwa usiku kucha, yakachemshwa tena, halafu hukaangwa kwa mafuta, pilipili kavu na kitu cha uchachu, pamoja na matunda madogo ya kichaka kiitwacho ker. Mboga hiyo haihitaji maji mengi wala jokofu, na msafiri wa jangwani aliweza kuibeba kwa siku kadhaa bila kuharibika. Siku hizi imekuwa chakula cha harusi na cha hoteli kubwa, na bei ya sangri kavu sokoni itakushtua. Katika mchanganyiko wao mmoja wa mboga kavu huongeza pia mbegu za kikwata, ule mgunga wa gamu arabika unaoota hata kwetu Baringo na Turkana na ambao sisi mbegu zake tunawaachia ndege.

Njaa ilipokuja walikwenda mbali zaidi. Katika njaa kubwa ya 1868 hadi 1869 huko Rajputana, kama Rajasthan ilivyoitwa wakati huo, watu walibandua magome ya khejri, wakayasaga na kuchanganya na unga ili wapate mkate. Gome si chakula cha mtu kuchagua. Lakini waliokuwa na mti huu shambani walikuwa na kitu cha kusaga.

Na kuna watu walioufia. Wabishnoi ni jamii ya Wahindu iliyoanzishwa mwaka 1485 na mwalimu aliyeitwa Jambheshwar, aliyewawekea kanuni 29, mojawapo ikiwa kutokata mti mbichi. Mwaka 1730 mtawala wa Jodhpur, huko huko Rajasthan, Maharaja Abhay Singh, alihitaji kuni za kuchomea chokaa kwa ajili ya jumba lake. Watu wake walitumwa kijiji cha Khejarli, ambacho hata jina lake limetokana na miti hiyo. Mwanamke mmoja, Amrita Devi, aliukumbatia mti wa kwanza akakataa kuuachia. Walimuua. Binti zake watatu wakafuata, kisha wanakijiji wengine, mmoja baada ya mwingine, kila mti na mtu wake. Kumbukumbu za Wabishnoi zinahesabu waliokufa kuwa 363. Habari zilipomfikia, Maharaja alisimamisha ukataji na kupiga marufuku kukata miti katika vijiji vya Wabishnoi. Mimi nikisikia mtu akisema kwamba kulinda mazingira ni jambo lililoletwa na wafadhili, humtajia Khejarli nikanyamaza.

Sasa swali lako lenye uchungu: mbona sisi balaa na wao neema? Kwanza si mti ule ule, kama nilivyosema. Lakini usije ukadhani kuna mti mwema na mti mwovu. Mathenge kwao, Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini, ni mti wa kawaida. Una wadudu wanaotoboa mbegu zake, una washindani, na watu wameuishi kwa karne nyingi wakila unga wa matunda yake. Kwetu ulikuja peke yake, bila hao maadui. Rekodi za mwanzo ni za 1973, Bamburi karibu na Mombasa, ulipopandwa kufufua machimbo ya mawe. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo katika mradi wa kuni na upandaji miti uliosaidiwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa. Nia ilikuwa njema: kuni, kivuli, kuzuia vumbi. Hakuna aliyewauliza akina mama wa Marigat wanataka mti gani.

Kilichofuata unakijua kuliko mimi. Mbuzi na ng'ombe walikula matunda yale matamu, mbegu zikapita tumboni zikiwa salama, zikaangukia kwenye samadi yenye unyevu. Ukikata shina, linachipua mara tano. Nyasi za kando ya Ziwa Baringo zikafunikwa. Mbuzi waliokaa wakitafuna matunda hayo peke yake walioza meno kwa ile sukari, wengine wakafa njaa malisho yakiwa mbele yao. Wailchamus, jamii ya wafugaji wa kando ya ziwa hilo, waliishtaki serikali, wakamfikisha mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe ushahidi. Watu wengine walicheka. Mimi naona hakuna mtaalamu aliyewahi kuwasilisha hoja kwa ufasaha ule. Mwaka 2008 mathenge ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu.

Ndiyo maana nakukataza mbegu za mghafu. Huko uliko mti huu una ngamia wa kuupogoa, una ukame wa kuuchelewesha na wadudu waliozoeana nao tangu enzi. Ukiupanda Marigat, penye mvua zaidi ya mara sita ya huko na Mto Perkerra karibu, utakuwa unaanzisha jaribio jingine kwenye shamba la mzee, na majaribio ya namna hiyo watu wa Baringo wameshafanyiwa ya kutosha. Tena nakuhakikishia hata kama usingeenea, baba hataona kivuli chake leo wala kesho.

Kuhusu macho, hapa naomba uwe makini. Ni kweli kwamba maji ya majani ya mghafu yametiwa machoni Uarabuni, na India magome yalitumiwa kwa kuumwa na nge na maumivu ya viungo. Hayo ni sehemu ya historia ya watu na sina haja ya kuyadharau. Lakini jicho si kidonda cha mguuni. Maji ya majani yaliyotwangwa kinuni yanabeba vijidudu na vumbi, na yanaweza kuacha kovu kwenye kioo cha jicho. Kama bibi anaona ukungu, kwa umri wake yawezekana ni mtoto wa jicho, na huyo hutolewa kwa upasuaji mfupi tu. Hakuna jani linalomyeyusha. Mwambie mwanawe ampeleke hospitali. Usikubali wewe ndiwe uyatie, hata ukiombwa kwa upole.

Basi baba apande nini? Apande vya kwao. Mgunga wenye matunda yaliyojisokota kama springi, ambao Waturkana kando ya mito ya Turkwel na Kerio wameugawana kifamilia, kila familia na sehemu yake ya mtoni, na mgeni halishi matunda yake bila ruhusa. Hiyo ndiyo mighafu yetu, ukitaka kulinganisha. Wa pili ni mjunju, ambao Wakalenjin wanauita ng'oswet. Machipukizi yake hupikwa mboga wakati wa kiangazi kikali Pokot na Turkana, tunda lake huliwa, mbegu hutoa mafuta, na mti hutoa vigoda na mipini isiyopasuka. Maji yaliyolowekwa matunda yake huua konokono wanaoeneza kichocho, na samaki pia, kwa hiyo yasimwagwe bwawani.

Mbegu za mgunga asinunue. Aende kwenye zizi la mbuzi majira matunda yanapoanguka, achague mbegu ngumu za kahawia kwenye samadi. Hizo zimeshalainishwa ganda tumboni na zitaota haraka kuliko za mtini. Azikague moja moja, kwani mbegu za mathenge nazo zimo humo humo: za mathenge mara nyingi bado zimefungwa ndani ya kifuko kigumu cha rangi ya maziwa. Akitilia shaka, KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, wana kituo Marigat penyewe, awapelekee kiganja kimoja wamwangalizie. Apande mvua za masika zinapoanza, azungushie matawi ya miiba kwa miaka miwili au mitatu ya kwanza ili mbuzi wasiifikie. Na mathenge iliyo pale asiikate juu ya ardhi. Achimbe, akate shina sentimita 20 au 30 chini ya udongo, ambako machipukizi yake yanaanzia. Matunda yake ayakusanye kabla mifugo haijafunguliwa, ayasage mpaka mbegu zivunjike, ndipo awape mbuzi kidogo kidogo wakiwa na nyasi.